Hodi kwenye Boksi la Umeme

Habari za kifo cha Fundi Aneth zilinikuta nimesimama juu ya kiti nyumbani kwangu Njiro, bisibisi mkononi, nikilitazama boksi la umeme la ukutani bila kuligusa. Breka moja ilikuwa inajizima yenyewe kila mke wangu anapopiga pasi, na mimi, ambaye mbele ya watoto hupenda kutaja kwamba niliwahi kufanya kazi ya umeme, nilikuwa nimeahidi kuirekebisha. Aliyepiga simu ni Neema, binti yake. Alisema, "Anko, mama ametutoka." Zilikuwa figo, akaniambia baadaye, zilizomsumbua kwa muda. Nilipowaarifu watu waliomfahamu, karibu wote waliniuliza jambo moja kwa sauti ya chini: ni umeme? Nilipojibu kwamba hapana, ni figo, nilisikia upande wa pili wa simu kitu kinachofanana na kuvunjika moyo, kana kwamba mtu aliyeshika nyaya maisha yake yote alitakiwa afe nazo mkononi. Nikarudisha kiti mezani na kumwita fundi aje kuiangalia ile breka. Woga wangu haujapungua tangu ujana; umepata tu ile heshima inayoletwa na mvi. Lakini sipendi kuudharau, kwa sababu ndio ulionipatia kazi yangu ya kwanza.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na shahada ya historia, na Arusha nzima ilionekana kuwa na historia ya kutosha. Baada ya miezi ya kupeleka barua za maombi kwenye ofisi ambazo walinzi wake walianza kunijua kwa jina, nilipata chumba cha uani Tengeru, kwa Fundi Aneth na mumewe, Mwalimu Lazaro, aliyefundisha shule ya msingi. Makubaliano yalikuwa rahisi: ningelala na kula kwao, na mchana ningembebea Aneth vifaa na kumshikia tochi. Chumba changu kilitenganishwa na sebule yao kwa mbao zilizokauka na kuachana, kwa hiyo niliishi nao bila kutaka. Nilijua lini wanacheka na lini wamenuniana. Chini ya kitanda changu kulikuwa na mizunguko ya nyaya nyekundu, nyeusi na kijani, na harufu ya plastiki mpya ilichanganyika na harufu ya maziwa mgando kutoka jikoni, ambako Mwalimu mwenyewe, kila Jumamosi, alipika loshoro ya mahindi na maziwa hayo kwenye sufuria lenye masizi na hakuruhusu mtu mwingine alikoroge. Na sebuleni, pale ambapo nyumba nyingine hutundika picha ya harusi, walikuwa wametundika boksi la umeme lililoungua. Lilikuwa jeusi, mdomo wazi, plastiki imetiririka na kuganda kama nta. Aneth alilitoa kwenye nyumba ambamo fundi mwenzake, aliyesoma naye ufundi, alifia. Jina lake lilikuwa Gudlaki. Alikuwa na mikono ndani ya boksi, mtu mwingine akapita ukumbini, akaona swichi kubwa imezimwa, akaiwasha ili ampe mtoto mwanga wa kusomea.

Chai ya asubuhi ilinywewa chini ya boksi hilo, na mazungumzo yake hayakubadilika sana. Mwalimu Lazaro alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kurudia jambo hadi wa mwisho darasani aelewe. Nikiwa bado kitandani, nilimsikia akimwambia mkewe kwamba Gudlaki naye alikuwa na vyeti. Nilimsikia akimkumbusha lile duka la vifaa vya umeme walilopanga kufungua pale karibu na soko, ambapo angekaa kwenye kiti na kuuza breka bila kuzigusa zikiwa na moto. Asubuhi moja walizungumza juu yangu. Mwalimu aliuliza kwa nini amemchukua kijana wa chuo ambaye anaogopa hata kubadilisha balbu. Nikajiinua kwenye kiwiko nisikie nitakavyotetewa.

"Ndiyo maana nimemchukua," Aneth akasema. "Wale mashujaa nimeshawazika."

Nililala tena chali nikiwa nimeumia. Nilikuwa nimetumaini atataja akili. Lakini yaliyofuata ndiyo yaliyoutawala mwaka ule wote, na ndiyo yaliyonifanya niogope kwa ajili ya watu wawili badala ya mmoja. Mwalimu alimtaka atoe ahadi. Siku atakayopigwa na umeme, hata kidogo, hata kwenye ncha ya kidole, ndiyo siku atakayoacha. Kikombe kilisikika kikiwekwa mezani. Aneth alisema sawa, siku atakayopigwa ataacha. Kisha akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa: "Msomi, umeamka? Jua limefika Nkoaranga na wewe bado unapiga mswaki kwa mawazo."

Nilijifunza boksi la umeme kama watu wengine wanavyojifunza kuishi na mbwa mkali wa jirani. Umeme hutoka kwenye nguzo, hupita kwenye fyuzi kubwa ya mwanzo na kwenye mita, huingia swichi kubwa, halafu ndani ya boksi hugawanywa: huku taa, huku soketi, huku jiko, kila njia na mlinzi wake. Mlinzi huyo ana kazi moja, Aneth aliniambia, nayo ni kufa kabla ya wengine. Kwa hiyo ukikuta mtu ameondoa fyuzi na kuweka msumari au waya mnene uliokunjwa, ujue amempiga mlinzi marufuku kufa, na sasa itakayokufa ni nyumba. Tulikuta misumari mingi. Tulikuta pia skrubu zilizolegea, ambazo alizichukia kuliko kitu chochote, kwa kuwa skrubu iliyolegea haipigi kelele. Inapata joto polepole nyuma ya kifuniko huku watu wanakula. Alinivua saa. Alinivisha buti za mpira na kunisimamisha juu ya ubao mkavu. Alinizuia kuegemea ukuta kwa mkono wa kushoto, akisema mkono usio na kazi ukae mfukoni kama wa mkuu wa wilaya.

Lakini sheria yake kubwa ilikuwa kubisha hodi. Kwanza alizima swichi kubwa, akang'oa fyuzi ya mwanzo na kuitia mfukoni mwake, ili hata akija mpumbavu kama yule wa Gudlaki, asiwe na cha kuwasha. Hiyo ingetosha kwa mafundi wengi. Yeye alikuwa na taa ya kupimia, balbu ya kawaida kwenye kishikizo chenye nyaya mbili, ambayo kila asubuhi aliijaribu kwenye soketi ya sebuleni tukiwa bado nyumbani, aone kwamba inawaka. Tukifika kazini aligusisha ncha zake kwenye kila jozi ya nyaya ndani ya boksi, moja baada ya nyingine, akisema kwa sauti, "Hodi." Balbu isipowaka, hakuna mtu ndani, unaingia. Ukitoka, hata kama umekwenda kujisaidia tu, ukirudi unabisha upya. Nilipokuwa peke yangu kwenye boksi na watu wananitazama, nilisema hodi kwa kunong'ona, kama mtu anayesali hotelini. Mafundi wengine walitucheka. Mmoja pale sokoni alikuwa na desturi ya kuniuliza kama umeme wa jana ulinikaribisha chai. Nilikuwa nikiota nyaya, na mchana nilizitazama zilivyolala pamoja, zenye uhai na zisizo na uhai zikifanana kabisa, na nilishangaa kwamba watu hulala usingizi katika nyumba zenye vitu hivyo.

Mwaka ule mgao wa umeme ulikuwa mkali. Sehemu moja ilipata usiku, nyingine mchana, na mtu mwenye shughuli aliomba Mungu na kukodi jenereta. Baba Elia, bwana shamba mstaafu wa Nkoaranga, alituita Jumamosi. Kesho yake mwanawe alikuwa anapata kipaimara, na alitarajia wageni, friji mbili za kuazima na muziki, lakini boksi lake la zamani lilikuwa limeanza kunuka. Tulipanda kwa miguu kwenye kijia chenye utelezi kati ya migomba na kahawa, mimi na ubao begani, na tulipofika tulikuta uani wanachinja na wanawake wanamenya ndizi. Umeme ulikuwa umekatwa tangu alfajiri kwa upande wote ule wa mlima. Baba Elia alitupokea kwa furaha na kutuambia tumebahatika, hatuna hata cha kuzima. Aneth alimsalimia, akazima swichi ambayo haikuwa na umeme, akang'oa fyuzi na kuitia mfukoni. Akabisha hodi njia zote. Giza. Basi akaanza kulivua boksi la zamani, akizitoa nyaya moja moja kwa mikono yake na kuziacha zining'inie ukutani, huku mimi nimeshika tochi. Kutoka chumba cha nyuma, cha bibi, redio ilisema maneno machache juu ya bei ya kitu fulani, kisha ikanyamaza. Nilidhani betri zimeisha. Aneth naye aliisikia, nadhani, kwa sababu aligeuza kichwa. Lakini alikuwa ameziachia nyaya akiwa anafunga upya kitambaa chake cha kichwa, na alipomaliza kukifunga alizikamata tena na kuendelea.

Tulikunywa chai, tukafunga boksi jipya ukutani kwa nyundo na skrubu, na kabla hatujaunganisha kitu tukaitwa kula. Huwezi kukataa chakula katika nyumba ya kipaimara. Tulikula mtori uani pamoja na wachinjaji, na hapo ndipo tulipotambulishwa kwa mjomba wa mtoto, mhasibu kutoka mjini, mwenye shati safi na uso wa mtu aliyeficha jambo zuri. Aliondoka mezani kabla yetu. Aneth alishikiliwa na mama wa nyumba, aliyetaka kujua kama kweli mumewe hupika, na akaniambia nitangulie nikapange nyaya kwa rangi ili akija tuziingize.

Nilisimama juu ya ubao. Nyaya zilikuwa zinaning'inia vilevile, shaba zao wazi, mahali pale pale tulipoziacha. Baba Elia alinifuata na kijiti cha meno mdomoni, akaegemea mlango, na nilipochukua taa ya kupimia akaanza kucheka kwa upole. Akasema, "Msomi, wamekata umeme wilaya nzima. Sasa hapo unambishia nani?"

Nataka kusema kwamba nilimjibu kwa hoja. Ukweli ni kwamba niliona aibu, masikio yangu yakapata moto, na nilifika hatua ya kuinamisha taa ili niirudishe begini. Kilichonizuia hakikuwa maarifa. Niliziogopa tu zile nyaya kuliko nilivyoogopa kuchekwa, na tofauti ya woga huo na ule ilikuwa ndogo sana, kiasi cha unene wa karatasi. Nikasema hodi, kimoyomoyo, nikagusisha ncha kwenye jozi ya taa. Giza. Nikahamia jozi ya soketi.

Balbu iliwaka mkononi mwangu.

Haikupepesa. Iliwaka kimya, manjano, katika nyumba isiyo na umeme, kwenye nyaya ambazo hazijaunganishwa na boksi, na Baba Elia akaacha kucheka huku mdomo wake ukibaki katika umbo lile lile. Nilisikia hatua za Aneth ukumbini na sauti yake ikisema tufanye haraka kabla ya mvua, na nilijua kwamba atafika, atanyoosha mkono kuzikusanya nyaya kama alivyofanya asubuhi nzima, na mimi nimesimama pale na sauti haitoki. Alifika. Aliona mwanga. Mkono wake, ambao tayari ulikuwa umeinuka, ulibaki hewani, kisha ukashuka polepole hadi mfukoni na kupapasa. Akaitoa fyuzi ya mwanzo na kuitazama kwenye kiganja chake. Akatazama balbu. Sijawahi kuona uso unabadilika namna ile.

"Mtu yeyote asitembee," akasema.

Wakati huo huo, chumba cha nyuma, watoto wakawasha redio, ikaanza kuimba, wakashangilia kwamba umeme umerudi. Mjomba akatokea akijifuta mikono, akitabasamu kwa namna ya mtu aliyekamatwa akitenda wema. Alieleza kila kitu kwa sababu sasa siri haikuwa na faida. Zawadi yake kwa familia ilikuwa inveta, mashine ya kutoa umeme wa betri, pamoja na betri zake kubwa, alizozileta jana na kuzifunika kwa kitenge chini ya kitanda cha bibi, kwa kuwa zawadi ya kipaimara haionyeshwi kabla ya siku yake. Alitaka kesho, wakati wa kukabidhi, nyumba nzima iwake kwa mara moja. Ndiyo maana alitengenezewa mjini waya wenye plagi pande zote mbili, upande mmoja kwenye inveta, upande mwingine kwenye soketi ya ukutani, ili umeme uingie mahali ambapo kawaida hutokea. Aliona swichi kubwa imezimwa, akaamini yuko salama. Hakuwa mjinga. Alikuwa amefikiri juu ya umeme unaotoka nguzoni, kama sisi sote, na mashine yake haikuwa na hata mlio wa kututahadharisha.

Aneth alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamuuliza, kwa sauti niliyoizoea ya kuuliza bei, kama ndiyo kwanza anaichomeka. Mjomba akasema hapana, asubuhi aliijaribu kidogo, kabla ya chai. Aliona redio ya bibi inaongea, akaridhika, akazima.

Aneth aliinua mkono na kugusa kitambaa chake cha kichwa, pale penye fundo. Alinitazama ili aone kama na mimi nimeelewa. Halafu akakaa chini, sakafuni, mgongo ukutani, miguu imenyooka mbele kama mtoto, na mikono yake akaiweka mapajani. Mama wa nyumba alimletea maji. Alikunywa, akasema ni jua. Baadaye aliinuka, akaenda chumba cha bibi, akachomoa ule waya na kuukata katikati kwa koleo mbele ya mwenyewe. "Shemeji, zawadi yako ni nzuri sana," alimwambia. "Huu waya siyo." Tuliimaliza kazi ile jioni, lakini nyaya niliziingiza mimi, yeye akinitajia tu pa kuziweka, kwa sababu mikono yake haikukubali.

Tuliteremka hadi nyumbani. Mwalimu Lazaro alikuwa ametupakulia loshoro. Alimwangalia mkewe akinawa, akaangalia jinsi anavyokaa, akauliza habari za kazi. Aneth alisema boksi jipya linapendeza. Mwalimu aliweka kijiko chini. Aliuliza, "Hukupigwa?"

"Sikupigwa."

Ilikuwa kweli, neno kwa neno. Nilikula nikiwa nimeinamia bakuli, nikisubiri mtu aniulize mimi, na hakuna aliyeniuliza. Jumatatu tulikuwa na kazi katika nyumba iliyokuwa nyuma ya soko la Tengeru. Aneth aliweka begi mlangoni bila kulifungua, akaingia ndani, akaanza kusalimia. Alimpa shikamoo babu aliyekuwa anaota moto jikoni, akamjulia hali mjamzito aliyelala, akaongea na msichana wa kazi, akaingia hadi stoo na kumwamkia mtu aliyekuwa anapanga mahindi. Kila chumba alikaa kidogo, akauliza habari za kulala, akauliza na hapa mmechomeka nini, na macho yake yalipita nyuma ya makabati na chini ya vitanda. Ndipo akarudi kwenye boksi, akang'oa fyuzi, akabisha hodi. Hakunieleza sababu. Alifanya hivyo kila nyumba hadi mwisho wa mwaka, nilipopata kazi ya ofisini na kuondoka, na kumbe alifanya hivyo hadi alipoacha kupanda ngazi.

Nilijua hilo juzi msibani. Tulikaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, na jirani mmoja akasimama kutoa ushuhuda. Alisema marehemu alikuwa na heshima ambayo siku hizi haipo. Fundi gani, aliuliza, akija kufunga taa anasalimia nyumba nzima, chumba kwa chumba, mkubwa kwa mdogo, hata mgonjwa aliyesahauliwa na watu wake mwenyewe? Watu wakaitikia kwa kunung'unika, ndivyo, ndivyo. Mchungaji akayachukua maneno hayo na kuyatia katika mahubiri. Hayakuwa uongo, kwa hiyo nilitulia.

Baada ya maziko Mwalimu Lazaro alikuja kukaa karibu nami. Amezeeka, sauti bado ni ile ile. Alisema, "Msomi, lile suala la kusalimia. Lilianza baada ya ile Jumamosi ya Nkoaranga. Kulitokea nini?"

"Hakupigwa, shemeji. Hilo ni kweli."

"Sijakuuliza kama alipigwa."

Basi nikamweleza: redio, kitambaa cha kichwa, balbu, mkono uliobaki hewani. Alisikiliza akitazama udongo mbichi na maua yake. Nilipofika pale alipokaa sakafuni, aliniomba nirudie.

"Aliogopa?"

"Sijawahi kuona mtu anaogopa vile. Na sidhani kama aliacha kuogopa."

Alitikisa kichwa taratibu, kwa muda mrefu, akipanga upya kitu ambacho mimi sikuweza kukiona.

"Alikuwa anatoka hapa nyumbani kila asubuhi anaimba," akasema. "Miaka yote hiyo, mimi nilidhani naogopa peke yangu."